Mguu wa Baba Mlangoni

Mke wa kaka yangu alimuuguza baba yetu miezi saba bila kumwona uso hata siku moja. Nalisema hili mapema kwa sababu wajukuu nikiwasimulia hunikatiza hapo hapo na kuuliza kama alikuwa kipofu. Hakuwa kipofu. Aliona kuliko sisi sote. Alikuwa mkwe tu, na kwetu Unyakyusani, wakati ule wa Mdachi, mke wa mtoto na baba mkwe hawakuonana.

Hawakuonana maana yake hawakuonana. Mkwe hakuingia nyumba ambayo mzee yumo. Hakutamka jina lake. Wakikaribiana njiani, yeye alijitosa migombani, akageuza mgongo na kungoja hadi mzee apite. Haikuwa chuki, wala hakuna aliyeiona kuwa taabu. Ilikuwa adabu, na baba yangu aliishika kwa mikono miwili. Kaka alipobatizwa na kuhamia misheni na mke wake, alikuja kumweleza baba kwamba mbele ya Mungu mambo ya kujificha migombani hayana kazi tena. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea na maziwa. Kisha akasema, "Mbatizwe ninyi. Mimi niachieni adabu yangu."

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani, karibu na Ipyana, kutoka kwa mume niliyekuwa naye Mwaya. Mpaka leo sijui kama nilimwacha au aliniacha. Nadhani tulichokana siku moja. Nilikuwa na ulimi, na bado ninao. Wifi yangu sikumpenda. Alikuwa mtu wa polepole, na watu wa polepole huniudhi. Aliongea polepole, akatembea polepole, na ukimuuliza jambo alikutazama kwanza kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Mke wa daktari wa misheni alikuwa amemfundisha kusafisha vidonda na kufunga bandeji, kazi ambayo siku hizi ina jina, wangemwita nesi. Siku zile tulisema tu kwamba anafua matambara ya wagonjwa. Mimi ndiye niliyesema hivyo, na nilisema kwa sauti.

Basi, baba alikuwa na kovu kwenye muundi wa mguu wa kulia. Aliungua ujanani walipokuwa wakichoma nyasi za malisho, na kovu lile halikutulia kamwe. Kila kiangazi lilipasuka kidogo, akalipaka samli, likafunga. Mwaka ule halikufunga. Kingo zake ziliinuka zikawa ngumu, na katikati pakawa panatoa damu kwa kuguswa na jani tu. Tulijaribu majani, tulijaribu majivu, tulimwita mganga kutoka mlimani na mwingine kutoka ziwani, kila mmoja akamlaumu mwenzake. Kidonda kikazidi kupanda. Halafu ikaja harufu.

Harufu ndiyo iliyomvunja baba. Maumivu aliyaweza. Lakini alikuwa mtu ambaye kikao cha wazee wa rika lake hakikuanza bila yeye, na sasa aliona wenzake wanavyohamisha vigoda taratibu, kila mmoja akijifanya anafuata kivuli. Hawakumwambia kitu. Akaacha mwenyewe kwenda. Siku nzima alikaa na ng'ombe zake, na nilipompelekea chakula alikuwa akiniambia niweke pale mbali, atakuja kuchukua. Nilikuwa naondoka nalia kwa hasira, maana hakukuwa na mtu wa kumgombeza.

Kaka akashuka kutoka misheni na wanaume wanne na machela. Baba alikubali kubebwa kwa sharti moja, kwamba mkwe wake asiwe njiani wakati anafika. Hakuwa. Alikuwa amejifungia jikoni kwake.

Daktari alikuwa Mdachi mfupi, mwenye Kinyakyusa cha kukwaruza lakini kinachoeleweka. Aliuminya mguu, akaunusa, akauminya tena. Akatuambia hiki si kidonda tena. Ngozi yenyewe imegeuka na inaula mwili, na isipokatwa yote itamla mzee mzima. Sisi hatukuwa na jina la ugonjwa huo. Leo wanasema saratani ya ngozi, na mtu akitaja neno lile nauona muundi wa baba.

Akamlaza kwa dawa ya usingizi, akakata. Alikata hadi kwenye mfupa, tundu la kutosha kiganja changu. Baadaye, kidonda kilipokuwa chekundu na safi, akachukua ngozi nyembamba kutoka pajani mwa baba mwenyewe akaitandaza pale vipande vipande. Nilipoambiwa hivyo nilidhani wananitania. Kaka aliapa kwamba ameona kwa macho yake.

Lakini ngozi ikipandwa haijashika mpaka ishike, na aliyepewa kazi ya kubadili bandeji alikuwa mwanamume mmoja wa pale misheni, mwenye nguvu na haraka. Siku ya tano alikuja, akashika ncha ya bandeji iliyokwisha kukauka, akavuta. Baba alitoa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Vipande vyote vya ngozi vilibaki kwenye bandeji.

Daktari alikuja, akaona. Akasema atapanda tena, mara moja tu. Ikishindwa, jeraha litaoza, na itabidi akate hapa. Akagusa juu ya goti la baba. Baba akauliza kama daktari anataka azikwe vipande viwili, kimoja leo na kingine akifa. Akasema afadhali afe sasa akiwa mzima kuliko kusimama mbele ya baba zake kwa mguu mmoja, na alivyosema nikajua hatanii. Kwa hiyo jambo zima lilisimama juu ya bandeji. Na daktari akaongeza kwamba yeye anaondoka juma lijalo kwenda kuzungukia misheni nyingine, na katika watu wake wote ni mmoja tu mwenye mikono ya kuifanya kazi ile. Wote tulijua ni nani. Kaka akatazama chini.

"Basi kateni sasa hivi," baba akasema. "Mguu na shingo pamoja."

Mchana ule wifi yangu alinifuata jikoni. Nilikuwa namenya ndizi kwa ghadhabu, maganda yakiruka. Akasimama, akanitazama vile anavyotazama.

"Wifi," akasema, "mzee akiwa ndani na mimi nikiwa nje, tuko nyumba moja?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Na mguu ukiwa nje?"

Nikaacha kumenya. Nilitaka kumjibu vibaya kama kawaida yangu, nikajikuta nacheka. "Mguu si mzee," nikasema.

"Basi nenda ukamwambie hivyo. Wewe unajua kubishana."

Nilikwenda. Baba alipenda hoja kuliko alivyopenda nyama, na hii aliitafuna tangu mchana hadi ng'ombe waliporudi. Akauliza kama akinyoosha mguu nje ya mlango, mtu akaushika, huyo mtu amemwona au hajamwona. Nikasema ameona mguu. Akauliza kama kidole cha mguu kina macho. Nikasema hakina, tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu. "Basi nacho hakimwoni mtu," akasema, na shauri likaisha. Daktari akapanda ngozi mara ya pili, kisha akaondoka.

Kaka akasuka mkeka wa matete wa kuziba mlango wa kile chumba cha wagonjwa, chini akaacha tundu, na ukingo wake wifi akaushonea kitambaa laini usimkwaruze mzee. Baba alikaa ndani kwenye kigoda, mguu ukapita tunduni na kulazwa juu ya gogo lililotandikwa vitambaa barazani. Wifi alikaa nje. Mimi nilisimama mlangoni pembeni ya mkeka, nusu ndani nusu nje, kwa sababu maneno nayo yalihitaji njia. Mkwe hakusema na baba mkwe. Alisema na mimi, nami nilisema na baba, na baba alinijibu mimi. Mkeka wa matete hauzuii sauti. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, akangoja nirudie.

"Wifi, muulize mzee kama panawasha au panachoma."

"Tata, anauliza panawasha au panachoma?"

"Mwambie panawasha."

"Anasema panawasha."

"Vizuri. Mwambie kuwasha ni kupona."

Wiki ya kwanza nilidhani nitapata wazimu.

Hapo ndipo nilipoanza kumwona mtu niliyekuwa namdharau. Siku ya kwanza ya kufungua bandeji alikuja asubuhi na maji aliyoyachemsha na chumvi kidogo, akayaacha yapoe mpaka yalingane na mwili. Akaanza kudondosha juu ya bandeji. Matone tu. Akadondosha tena. Mimi nilikuwa nimepanga kwenda kuchota maji, kupika, kufua; niliyafanya yote nikarudi, bado anadondosha. Hakuvuta hata uzi. Alikuwa akingoja kitambaa kiachie chenyewe, na kila kilipong'ang'ania alikiongezea maji, akakaa. Mgongo ulimuuma, nilimwona akibadili ubavu. Jua lilipofika utosini tabaka la mwisho likateleza likaanguka lenyewe kwenye bakuli, na chini yake vile vipande vya ngozi vilikuwa pale pale, vyeupe, vimekaa. Kimoja pembeni kilikuwa tayari na rangi ya waridi.

Hakushangilia. Alisema tu, "Mwambie mzee vipo." Mimi nikawa nimeinama kuvihesabu, baba akalazimika kuuliza mara mbili, jambo ambalo halikuwa lazima maana alikwisha sikia.

Alikuwa na chungu chake cha kuchemshia vitambaa, kikubwa, kilichofinyangwa na wanawake wa Ikombe kando ya ziwa, kilicholetwa na mtumbwi. Hakuna kitu kingine kilichoruhusiwa kuingia mle. Mimi, siku moja nilipokosa chombo, nikachemshia maharage. Yalikuwa karibu kuiva alipokuja. Hakunigombeza. Alikiinua kile chungu, akayamwaga maharage yote nyuma ya nyumba, akakisugua kwa mchanga, akakichemshia maji matupu mara tatu, na siku ile sote tulilala na ndizi kavu. Sikugusa tena chungu kile. Hata leo nikiona chungu cha Ikombe, mkono wangu husita.

Na alinusa. Hili ndilo lililonishinda kabisa mwanzoni. Kila bandeji iliyotoka aliipeleka puani, akafumba macho. Ile harufu iliyowafukuza wazee wa rika, ambayo mimi binti wa damu nilikuwa nikiziba pua kwa kanga nikijifanya nafuta jasho, yeye aliifuata. Nikamuuliza hasikii kinyaa? Akasema, "Harufu ndiyo inayoniambia kabla macho hayajaona. Jana ilikuwa tamu kidogo, sikulala vizuri. Leo haipo." Baba alikuwa anasikiliza ndani. Nilimwona akiinamisha kichwa. Mtu wa kwanza kusogea karibu na mguu wake badala ya kurudi nyuma alikuwa yule ambaye alitakiwa kukaa mbali naye kuliko wote.

Alimjua baba kuanzia goti hadi kucha. Alijua kwa vidole vya mguu kama amelala au amekesha. Vikikunjika, alisimamisha mkono hata kabla baba hajaguna. Vikiwa baridi, alilegeza bandeji. Siku moja aliniambia niseme mzee aache kuhangaika kuhusu yule ng'ombe wake mtamba aliyeachwa nyumbani, kaka ameshamtazama na ni mzima. Nikashangaa, baba hakuwa amesema lolote kuhusu mtamba. "Mguu una mawazo leo," wifi akasema. Ndani, baba akaniuliza kwa sauti ya chini huyu mwanamke wamemtoa wapi.

Naye baba hakuwa mtu wa kushindwa. Asubuhi moja mguu ukatokea tunduni kama kawaida, wifi akaulaza juu ya gogo, akatulia. Ulikuwa mguu wa kushoto. Mzima, mkavu, hauna hata mchubuko. Mimi nikafungua mdomo, wifi akanikata kwa jicho. Akauosha mguu ule kwa maji yake ya chumvi, bila haraka. Akaukausha katikati ya kila kidole. Akaufunga bandeji nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, ikapanda zigizaga mpaka chini ya goti, akafunga fundo.

"Mwambie mzee," akasema, "huu umepona."

Baba alicheka mpaka kigoda kikagonga ukuta. Alikuwa hajacheka tangu kiangazi. Wifi naye alikuwa amejiziba mdomo kwa nguo, mabega yakitikisika, na mimi katikati yao nikacheka na kulia, nikakumbuka kwamba hata hiyo "umepona" sikuwa nimeirudia kama inavyotakiwa.

Sasa niseme lililonileta hapa, maana ningeweza kumsifu wifi yangu mwaka mzima na bado nikaliruka.

Daktari, kabla hajaondoka, alimwagiza kwamba ugonjwa ule hupenda kuhama. Hupanda na mguu, hujificha kinenani, pale paja linapoungana na tumbo, hufanya mtoki. Kwa hiyo kila baada ya siku saba wifi aliniambia, "Muulize mzee kama ana mtoki." Nanyi mfikirie. Neno la kinena, kutoka kwa mkwe, kwenda kwa baba mkwe, kupitia binti yake. Mara ya kwanza niliuliza, sauti ikaniishia. Baba hakujibu. Nilisikia kigoda kikisogea. Nikaona aibu kwa ajili yake, na kwa ajili yangu, na haraka haraka nikageuka nje nikasema, "Anasema hakuna."

Hakuwa amesema. Na wiki iliyofuata hata sikumuuliza. Wifi aliponiambia, nilingoja kidogo kama mtu anayesikiliza, nikasema, "Anasema hakuna." Na iliyofuata hivyo hivyo. Baba aliyasikia yote hayo na alinyamaza, nadhani alinishukuru. Tulidhani tunatunziana heshima.

Wiki ya tano au ya sita wifi alimaliza kufunga, hakuinuka. Alikuwa ameushika mguu kisiginoni, anaunyoosha taratibu, na mguu ulipokaribia kunyooka ulirudi nyuma kidogo, wenyewe. Akaunyoosha tena. Ukarudi. Akakusanya vitu vyake, akaniita nyuma ya jiko.

"Wifi," akasema, "mzee hanyooshi paja. Kinenani kuna kitu. Uliniambia maneno yake au maneno yako?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa nayo siku zote. Siku ile niliyaacha yote. Nikamwambia ni yangu.

Nilingoja anitukane, na ninakiri nilitaka anitukane, ningepata pa kushika. Akanishika mkono badala yake. Akaupeleka chini ya nguo yake mwenyewe, kwenye kinena chake, akabonyeza vidole vyangu pale. "Hapa huwa laini, unasikia? Kukiwa na mtoki wa kidonda cha kawaida, unauma na ni laini kama tunda. Huu tunaoogopa hauumi sana, na ni mgumu kama harage bichi. Nenda kamfundishe mume wangu kama nilivyokufundisha. Yeye ni mtoto wa kiume, ataweza kumgusa baba yake." Nikauliza nimwambieje kaka kuhusu wiki zile zilizopita. Akasema, "Mwambie nimegundua leo. Si nimegundua leo?"

Kaka aliingia kwa baba, akatoka na uso umebadilika. Harage bichi, akasema. Moja, na linacheza chini ya ngozi.

Mtu akatumwa mbio kumfuata daktari. Siku nne zile wifi alikuja na kufunga mguu kama kawaida, akaniuliza maswali kama kawaida, na mimi sasa niliyapeleka yote mpaka mwisho na kurudisha kila jibu lilivyo, hata la aibu, hata baba aliponiambia nifunge mdomo nikamwambia wifi kwamba anasema nifunge mdomo. Daktari alifika na matope mpaka magotini. Aliutoa ule mtoki siku ile ile. Alipoukata katikati akaonekana kuridhika, akasema umetoka mzima na mwenzake hakuwepo. Akasema pia, akimtazama kaka, kwamba wangechelewa mwezi mmoja zaidi, yeye asingeugusa. Kaka akasema anamshukuru Mungu na mkewe. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na sufuria mkononi. Wifi hakunitazama hata kidogo. Mpaka kaka anaingia kaburini hakujua, na baba hakujua kwamba uongo wangu ule ulikaribia kumuua. Alinifichia mimi, niliyekuwa nikimwita mfua matambara.

Baba alirudi nyumbani kwa miguu yake miwili. Alichechemea kidogo, akapenda kuchechemea kwake, na wazee wa rika wakavuta vigoda karibu kuliko zamani kwa sababu kila mmoja alitaka kuona ngozi ya paja ilivyokaa kwenye muundi. Alivishwa kofia ya umashuhuri kila mahali, akazeeka nayo.

Wifi na kaka walikuwa wakishuka mara kwa mara kuja kututazama. Akimsikia baba njiani, wifi aliingia migombani na kugeuza mgongo kama ilivyo adabu. Lakini baba sasa hakupita tu. Alifika usawa wa pale alipojificha, akasimama, akageuza uso upande wa pili. Akapandisha nguo kidogo na kuutanguliza mguu wa kulia kuelekea kwenye migomba. Akangoja. Wifi naye aligeuka taratibu, akautazama mguu kupitia kwenye majani, rangi yake, kingo za kovu, akimaliza alikohoa mara moja. Kikohozi kile maana yake ni salama. Baba akashusha nguo. "Ndaga fijo," akaiambia migomba, akaendelea na safari yake. Miaka yote ilikuwa hivyo. Wapita njia walidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa, anaishukuru migomba.

Vita ikaja. Waingereza wakavuka mpaka, Mdachi akaondoka, daktari na mke wake wakachukuliwa. Misheni ilibaki na wagonjwa, chungu cha Ikombe na wifi yangu. Watu walikuja kwake kutoka kila upande, wapagazi wenye miguu iliyooza, wanawake wenye majipu, na aliwanusa wote. Sikumsikia akisema amechoka. Nilimsikia akisema vitambaa vimekwisha.

Mwaka ule ule baba akafa. Ilikuwa kifua na uzee; mguu haukuhusika. Alikufa asubuhi, ndani ya nyumba yake, akiwa mzima kama alivyotaka. Wazee wa rika waliobaki ndio waliokuja kumwosha. Wifi alifika mchana kutoka misheni, akasimama migombani, mahali pake pale pale.

Mmoja wa wazee akanituma nikamwite. Akasema mtu amekwisha kufa, mkwe aingie tu, kuna ubaya gani sasa. Nilikwenda nikampa maneno yale yote, sikupunguza.

Wifi alitikisa kichwa. "Aliniheshimu miaka yote," akasema. "Sitamvizia leo ambapo hawezi kujifunika. Waambie wanipe mguu."

Ule mkeka nilikuwa nimeutunza darini. Panya walikuwa wameula pembeni lakini tundu lilikuwa zima, na kitambaa chake. Tukauning'iniza mlangoni, wazee wakamsogeza baba, mguu wa kulia ukatoka nje. Wifi akakaa barazani na maji yake ya chumvi, yaliyochemshwa, yaliyopoa. Mimi nikasimama mahali pangu, nusu ndani nusu nje. Akaosha kuanzia goti kushuka. Akapita juu ya kovu kwa kiganja kizima. Akaosha katikati ya kila kidole, akavishika vyote pamoja mkononi kama alivyozoea kufanya kujua kama vina baridi.

"Wifi," akasema, "muulize mzee kama..."

Mikono ikasimama majini.

Nikainama upande wa ndani wa mkeka, nikangoja kidogo, kiasi ambacho baba angengoja. Kisha nikageuka nje nikajibu kwa niaba yake, bila kumuuliza, kama zile wiki nilizokosea.

"Anasema hakuna panapouma."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuosha.